Ng'ombe Uliowaacha kwa Majirani

Baba,

Kaburi lako lina vigae sasa. Vyeupe, vya kung'aa, vya aina ile ambayo watu wa mjini wanaweka bafuni. Kaka Elia aliviagiza Dar es Salaam, vikaja kwenye lori lake mwenyewe, na juu yake amekujengea kipaa cha bati jekundu ili usinyeshewe. Wewe uliyeishi kwenye tembe miaka yako yote, ukipanda juu kila masika yakikaribia kuziba nyufa kwa udongo, leo umeezekwa bati. Watu wanaopita kwenda Kibakwe wanasimama kulitazama. Wanasema, "Yule mzee aliacha mtoto."

Najua swali ambalo wewe ungeuliza. Ungeuliza mchanga ulibebwa na nani. Ulibebwa na watu wako, baba, wale wale waliokuwa wanakutunzia ng'ombe. Waliuchota korongoni kwa ndoo wakaupandisha kichwani, kwa kibarua cha kutwa, na aliyechelewa asubuhi Elia alimkata ujira. Mmoja wao aliniambia kwamba ulipokuwa hai alikunywa maziwa ya ng'ombe wako bila kulipa, na sasa umekufa analipwa kukujengea. Alisema hivyo huku anacheka. Alicheka peke yake, kisha akaendelea na ndoo yake.

Leo ni Jumamosi, mchana. Nimekaa mlangoni kwa jiko langu. Baba Neema ameenda kuchoma matofali na Neema amefuata maji. Sikuwahi kukuandikia barua ulipokuwa hai kwa sababu hukujua kusoma, na ungempa Elia akusomee. Sasa naweza kukuandikia bila Elia kukaa katikati yetu. Kesho baada ya ibada kuna jambo nitalifanya. Linamhusu Mama Sechelela na ng'ombe wake, na nimeona ulisikie kwangu kwanza. Nina hasira, baba. Mwanzoni nilidhani ni hasira ya kaka tu. Siku hizi nikiichunguza vizuri nakuta na wewe umo ndani yake.

Ngoja nikukumbushe utaratibu wako mwenyewe, maana hapa kijijini wako walioanza kujifanya hawaujui. Hukuwaweka ng'ombe wako wote katika zizi moja. Ulisema ugonjwa ukiingia zizi moja, mtu anaamka tajiri na kulala maskini. Kwa hiyo uliwagawa kwa watu wasio na kitu wakutunzie: huyu jike mmoja, yule wawili, mwingine jike na maksai wa kulimia. Mtunzaji alikunywa maziwa, alichukua samadi akatia kwenye shamba lake la mtama, na ng'ombe akishazaa mara kadhaa ulimpa mtunzaji ndama mmoja awe wake kabisa. Ng'ombe akifa, mtunzaji alikuletea ngozi na kukueleza. Ulimsikiliza mpaka mwisho, ukampa pole. Sikumbuki kama uliwahi kumwita mtu mwongo.

Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanichukua. Ulikuwa unaniita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yako. "Mama, vaa ndala zako, tukawasalimie ng'ombe." Tulikwenda kwa miguu toka asubuhi, nyumba hadi nyumba, wewe na fimbo yako mabegani na mikono ukiwa umeining'iniza juu yake. Nyumba niliyoipenda ilikuwa ya Mama Sechelela. Mumewe alikuwa amekufa akamwachia watoto wadogo na jembe, na wewe ukampelekea yule jike mwekundu mwenye baka jeupe shavuni. Alitupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Ulikunywa, ukafuta midomo, ukamwambia, "Asante mama, maziwa yako yameiva vizuri." Njiani nikakuuliza kwa nini ulisema maziwa yake wakati ng'ombe ni wako. Ulinijibu bila kugeuka, "Ng'ombe ni wangu, maziwa ni yake. Hilo nalo linakushinda?" Halikunishinda. Niliamini ndivyo dunia ilivyo.

Tena nakumbuka babu alipofariki. Matanga yalipokwisha, watunzaji wote waliwaleta ng'ombe nyumbani ili mrithi awaone. Kulikuwa na pombe ya mtama, watu walilala kwetu, zizi lilijaa mpaka wengine wakafungwa nje kwenye miiba. Asubuhi ulisimama mlangoni kwa zizi ukawaita mmoja mmoja. Kila mtu ulimwonyesha ng'ombe wake ukasema, "Nenda naye." Watu waliondoka wanaimba. Mimi nilikuwa nimebeba maji ya kunawa, nikakuona unalia. Ulisema ni vumbi, na kweli vumbi lilikuwa jingi.

Sasa Elia. Unamkumbuka alivyokuwa karani wa duka la ushirika, na mashati yake ya mikono mifupi. Duka lilikaa tupu muda mrefu, kiberiti hakuna, sabuni hakuna, mwishowe likafungwa, na wenzake wakarudi kulima. Elia hakurudi kulima. Alianza na mitumba Mpwapwa, akaongeza sabuni na mafuta, kisha akaanza kununua ng'ombe mnadani na kuwapeleka Dar es Salaam. Alikuwa anakuja hapa kukwambia, "Baba, siku hizi ni ruksa. Mtu anafanya biashara anayotaka." Wewe ulikuwa unamtania, "Hiyo ruksa imepitia njia gani mbona huku haijafika?" Tulicheka sote, na Elia akacheka. Sasa imefika, baba. Ilikuja na lori.

Ulipokufa na matanga yalipokwisha, Elia alituma habari kupitia kwa wazee wa kanisa kwamba ng'ombe wote wa marehemu waletwe Jumamosi waonwe. Hakuna aliyeuliza waonwe ili iwe nini. Wote walikumbuka siku ya babu. Walikuja na pombe. Walikuwa wamewaogesha ng'ombe korongoni kwa maji ya kuchimba, wengine wamewapaka samli pembeni mwa pembe. Na kwa sababu walitaka mrithi aone jinsi walivyotunza vizuri, walileta kila kitu: majike, maksai, mitamba ambao hawajazaa bado, na hata wale ndama uliokuwa umewapa wao, wakiwa wamezaliwa na mama wale wale na kukua pamoja nao. Mtu gani angekuja na mama akaacha watoto? Walijivuna. Mzee Ndahani, aliyekutunzia wengi kuliko wote, alitembea mbele ya kundi lake amevaa koti la harusi ya mwanawe.

Ng'ombe wakaingia zizini, Elia akafunga mlango. Wakaja vijana wawili wenye kopo la rangi wakaanza kuwapaka ng'ombe mstari kiunoni. Watu wetu wakadhani ni mabwana mifugo, wamekuja kuchanja. Baba, waliwashika ng'ombe. Walishika pembe na mikia ili wanapopakwa wasirukeruke, wakawaita kwa majina wakiwatuliza. Mama Sechelela alimshika mtamba wake shingoni, yule mwenye baka jeupe kama mama yake, akamwambia, "Tulia mwanangu, haiumi." Lori liliposogea kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa zizi ndipo watu wakaanza kutazamana.

Elia alitoa hotuba fupi. Alisema zamani zimepita, ng'ombe wa kuzagaa kwa watu hawana faida, sasa ni wakati wa kufanya mambo kibiashara. Akawashukuru kwa kazi nzuri. Kila mtunzaji alipewa kilo ya sukari, na wanawake wakaongezewa kanga. Hakuna aliyefungua kinywa. Wangesema nini? Ng'ombe walikuwa wako, na yeye ndiye mrithi, na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanatikisa vichwa kukubali. Pombe ilibaki kwenye vyungu. Kesho yake niliimwaga mwenyewe, nzi walikuwa wamejaa.

Lori halikutosha. Wadogo waliachwa zizini wasubiri safari ya pili, na hapo ndipo Mama Sechelela alipopata ujasiri akaenda baraza la kijiji. Alisema mama mtu alikuwa wa marehemu, hilo halina ubishi, lakini mtamba ni wake, alipewa. Mwenyekiti akamwuliza shahidi wake nani. Akasema, "Shahidi wangu ni yeye aliyenipa." Watu wakainamisha vichwa.

Mimi nilisimama. Nilikuwepo, baba, unajua nilikuwepo. Ulikuwa umeshaanza kuumwa, nilikushika mkono kukupeleka kwake kwa sababu ulisema hutaki kufa na neno hilo kifuani. Ulimshika ndama sikio ukasema, "Huyu amekaa kwako, mama, ni wako sasa." Nililieleza baraza hivyo hivyo, neno kwa neno. Mzee mmoja wa ukoo wetu akasema mimi ni mtoto wa kike niliyeolewa, mambo ya zizi la baba yangu nayajulia wapi. Nilikaa chini.

Ndipo Elia akasimama, anatabasamu. Akasema yeye hapendi ugomvi msibani. Kama mtamba huyu analeta maneno, basi anamtoa, hatamuuza, anampa dada yake mpenzi, yaishe. Watu walipiga makofi. Kamba ikatiwa mkononi mwangu mbele ya baraza zima. Nilimtazama Mama Sechelela, naye akanitazama. Nikajisemea afadhali, angalau hatapanda lori. Niliona nimemwokoa. Nilitembea na mtamba hadi nyumbani na moyo wangu ukiwa na furaha kidogo, katika siku ile mbaya.

Nikwambie yaliyofuata. Elia amejenga Dodoma mjini, nyumba ya tofali za saruji, ukuta wake juu umepandwa vipande vya chupa. Ana dishi kubwa juu ya paa linalotazama mbinguni. Ana gari ambalo vioo vyake ni vyeusi, ukimpungia mkono hujui kama amekuona. Na anayefungua geti lake ni Mzee Ndahani. Ndiyo, Ndahani yule yule. Alikosa samadi, mtama wake ukadumaa miaka miwili mfululizo, akaenda kuomba kazi kwa yule aliyemnyang'anya. Nilikwenda pale kumwomba kaka msaada Baba Neema alipopunguzwa kazi. Ofisi ya Baba Neema ilisema wanapunguza watu, wakampunguza na wengine wengi, akarudi na godoro lake na barua ya kumshukuru kwa utumishi. Ndahani alinisalimia vizuri, akauliza habari za kijijini, kisha akaniambia kwa aibu, "Ngoja kwanza mwanangu nikamwulize kama yupo." Nilisimama nje ya geti la ndugu yangu wa tumbo moja nikisubiri kuambiwa kama yupo.

Alikuwepo. Sitaki kumsingizia, alinipokea, alinipa soda na nauli, akampa Baba Neema pole. Aliniambia, "Baba alikuwa na ng'ombe wengi lakini alikufa maskini. Alikula mlenda na watu wake. Alikuwa hajui thamani ya alichonacho." Niliinama nikamaliza soda yangu. Nilitaka kumjibu lakini nilikuwa nimeshika nauli yake mkononi.

Huku kijijini mambo yamekuwa mazito. Zahanati siku hizi wanasema tuchangie, shule tuchangie, na wa kuchangia ndio sisi tulionyang'anywa. Zamani nyumba isiyokuwa na maziwa ilikuwa ni nyumba iliyopatwa na msiba. Sasa watoto wanakunywa chai kavu na hawajui kama kuna kinachokosekana. Sechelela, yule binti aliyekuwa anacheza na mimi, huenda Makutupora kuchuma zabibu za watu kila msimu. Anaacha watoto kwa mama yake. Mama Sechelela amezeeka haraka, baba. Anasaga mtama kwenye jiwe kwa sababu mashine inataka fedha, na wajukuu wanamzunguka wakisubiri.

Yule mtamba alikua. Masika yaliyopita alizaa ndama dume mzuri, mwenye nguvu, na maziwa yakaja mengi. Mimi, ili moyo wangu utulie, nikawa kila asubuhi namtuma Neema apeleke kibuyu kimoja kwa Mama Sechelela. Alikipokea. Alirudisha salamu, "Mwambie mama yako asante sana, Mungu ambariki." Nilizipokea salamu hizo, baba, kila siku nilizipokea. Watu njiani waliniambia nimerithi moyo wako. Nilitembea na sifa hiyo kichwani.

Wiki iliyopita Neema alirudi na kibuyu kimejaa kama kilivyokwenda. Hakuwa amepewa neno lolote. Nikasema labda anaumwa. Nikasema, kama ni kuona haya kupokea kila siku, basi nitampelekea ng'ombe mwenyewe amtunze kwake, akamue mwenyewe, kama zamani. Nililiona ni wazo jema sana. Nilifikiri hata wewe ungenisifu. Asubuhi nikamfunga kamba nikampeleka, ndama akifuata nyuma.

Nilimkuta anapepeta. Nikamsalimu, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu." Nikamweleza shida iliyonileta, kwamba nimemletea ng'ombe anitunzie, maziwa yawe yake. Akaweka ungo chini. Hakunikaribisha kukaa. Alimwendea ng'ombe, akamshika shavuni penye lile baka jeupe, naye ng'ombe akanyoosha shingo kwa sababu alimjua. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Tangu masika umeniletea maziwa ya ng'ombe wangu, na mimi nikakwambia asante. Nimezichoka hizo asante. Leo unaniletea mwenyewe, nimtunzie nani?"

Nilisema nilikuwa na nia njema. Akasema, "Baba yako naye alikuwa na nia njema. Kama huyu ni wangu, mwache hapa uwaambie watu ni wangu. Kama ni wako, nenda naye."

Ni yeye aliyesema hivyo, baba, maneno yako mwenyewe ya mlangoni kwa zizi, na sijui kama alijua. Nikashika kamba nikarudi naye. Nilirudi naye! Mkono wangu ulishindwa kuiachia. Njia nzima nilikuwa nakuongelesha wewe kwa sauti, wachungaji walinitazama wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikuuliza kwa nini ulimpa mtu ndama kwa kumshika sikio, uani kwake, mbele ya binti asiyesikilizwa. Kwa nini hukuwaita watu? Wakati ule ungeweza kuwaita wote, wazee wa ukoo na mwenyekiti na Elia mwenyewe, ukasema hawa ni wa fulani na hawa ni wa fulani, na hakuna ambaye angekubishia. Ulipenda kutembea kusalimia. Ulipenda kupewa kibuyu na kuambiwa karibu. Nadhani ulipenda pia kwamba kila kitu kilikuwa kichwani mwako, na kwamba watu wale wote, watu wazima wenye wajukuu, walikuwa wanaishi kwa neno lako. Ulikuwa mwema, sikatai, nani atakataa. Lakini walikula wema wako, hawakula haki yao, na ulipokufa uliondoka na chakula. Elia hakuvunja kitu chochote. Alichukua kile ulichokuwa umemwachia, na ulikuwa umemwachia kila kitu.

Inaniuma kukuandikia hivi. Nimeacha kalamu nikaenda kugeuza maharage, nimerudi, na bado sitaki kufuta.

Jioni ile nilimweleza Baba Neema. Alifikiri sana, unamjua si mtu wa maneno mengi. Kuna jambo hujui: Neema amefaulu kwenda sekondari. Yeye peke yake kwa wasichana wa hapa. Ada hatuna, na tofali za baba yake hazinunuliwi kwa sababu wenye fedha wanataka za saruji. Yule ndama dume ndiye tuliyekuwa tunamtegemea, tumpeleke mnadani Januari. Kwa hiyo Baba Neema akasema, kwa upole, "Mrudishe mama mtu, ni haki. Ndama tumbakize. Hata baba yako alikuwa anampa mtunzaji ndama mmoja, na sisi tumemtunza."

Nililala nalo neno hilo. Lilikuwa zuri, baba, lilikuwa linafungua mlango wa shule. Asubuhi nikamwambia hapana. Mtunzaji wako alipewa ndama ng'ombe akishazaa mara kadhaa, na huyu amezaa mara moja tu. Maziwa tumekunywa, samadi tumetia shambani, haki yetu tumekwisha kuila. Tena wewe ndiye uliyekuwa unatoa huyo ndama, mtunzaji hakujichukulia. Sisi tumekuwa watunzaji wa Mama Sechelela bila yeye kutuomba, na mtunzaji hamkatii mwenye mali fungu. Baba Neema akasema, "Basi Neema atakaa." Hatukujua kwamba Neema alikuwa nyuma ya mlango. Aliingia, akachukua ndoo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ataongozana na Sechelela kwenda Makutupora msimu ukianza, anasikia wasichana wanachuma haraka. Ndoo ile ndiyo ameenda nayo sasa hivi. Ada yake sijui itatoka wapi. Usidhani nimepata jibu.

Kuna saa nataka kwenda Dodoma nikapige lile geti kwa mawe. Mtoto wa Elia anapelekwa shule kwa gari, wangu ataenda kuchuma zabibu, na sisi wawili tulinyonya titi moja. Kisha nakumbuka nikienda nitafunguliwa na Mzee Ndahani, na yeye ndiye atakayefukuzwa kazi.

Kwaheri, baba. Sitakuja kufagia vigae vyako, kuna mtu analipwa kufanya hivyo. Nitakuja masika, nikiweza, kukaa kidogo pembeni pale kwenye udongo.

Ahadi yangu ni hii moja. Kesho nitampeleka yule ng'ombe na ndama wake. Nimemwomba mwenyekiti awepo, nimewaomba wazee wale wale wa baraza, na Baba Neema atasimama upande wangu. Nitasema kwa sauti kwamba huyu ni wa Mama Sechelela na ndama ni wake, na watakaozaliwa ni wake yeye na watoto wake, hata nikifa mimi. Sitasema ni kwa hisani ya marehemu baba yangu. Jina lako sitalitaja kabisa, unisamehe. Halafu nitaweka kamba mkononi mwake na kurudi nyumbani kwa binti yangu. Na Mama Sechelela akitaka kuniambia asante, nitamwomba asiseme.

Binti yako.